Mali Bila Daftari: Nyimbo za Kukodi na Sanduku la Nyumbani

Kuna kauli moja inayozagaa siku hizi vibarazani na majumbani, nayo husemwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kumaliza hoja: kwamba kila wimbo umo mtandaoni, kwa hivyo hapana haja ya mtu kuweka chochote nyumbani kwake. Kwa kauli hiyo makasha ya kaseti yanatolewa uvunguni na kupelekwa jaani, santuri wanapewa watoto wazichezee, na tepu za harusi ambazo marehemu bibi alizifunga kwa leso zisiingie vumbi zinaachwa zipigwe na unyevu wa bahari mpaka zikaota ukungu. Anayetupa haoni kuwa anatupa. Yeye anaamini kwamba amehamisha tu, kutoka kabati lake dogo kwenda kabati kubwa zaidi. Ukweli ni kwamba hakuhamisha kitu. Kabati lile si lake, ufunguo wake hanao, na wenye kabati hawajapata kumuahidi kwamba alichokiona leo atakikuta kesho.

Wahenga wa pwani walikwisha kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Msala wa zama hizi ni huduma za muziki za mtandaoni ambazo mtu huzilipia kwa mwezi, au huzipata bure kwa kuvumilia matangazo ya biashara. Hapana ubaya mtu kuusalia msala huo ukiwa umetandikwa. Ubaya ni kuuchoma mkeka wa nyumbani kwa sababu msala umetandikwa.

Na iangaliwe khasa huduma hizo ni kitu gani. Mteja hanunui wimbo. Anakodi ruhusa ya kuusikiliza kwa muda ambao kampuni na mwenye haki za rekodi wamekubaliana. Mkataba ukivunjika, wimbo huondoka usiku, na asubuhi mahali pake pana jina lililofifia. Kampuni ikiona faida imepungua, duka zima hufungwa. Mwezi wa Desemba 2020 Google iliifunga huduma yake ya Google Play Music, ambayo humo watu walikuwa wamepakia nyimbo zao wenyewe kwa maelfu. Wakapewa muda wa kuzihamisha, na ambao hawakuzihamisha zikafutwa. Mwaka 2019 kampuni ya Myspace ilikiri kwamba muziki uliopakiwa kwake baina ya 2003 na 2015 ulikuwa umepotea katika kuhamisha seva. Waliopotelewa walikuwa ni wale wale waliokuwa wakisema kwamba kila kitu kimo mtandaoni. Kweli kilikuwamo.

Spotify iliingia Tanzania na Kenya mwezi wa Februari 2021, na wengi wakafurahi, kwa haki yao. Lakini tangu 2024 kampuni hiyo ina kanuni kwamba rekodi isiyofikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12 haimpatii mwenyewe malipo yoyote. Kwa mfanyabiashara hiyo ni kanuni ya kawaida, kwani mwenye duka hakosi kuitazama kwa jicho la pembeni bidhaa isiyotoka. Kwa mpenzi wa ushairi ni jambo la kutisha. Wimbo wa fumbo uliotungwa kwa ajili ya ugomvi wa mitaa miwili, ukaimbwa kwa watu ambao wote walijua nani anasemwa, haukutungwa ushindane na dunia nzima. Thamani yake iko katika kuwa ni wa wachache. Kuupima wimbo kama huo kwa idadi ya wasikilizaji ni sawa na kuipima kahawa ya barazani kwa pishi.

Wako wanaojibu kwamba badala ya huduma hizi, yaani mtu kuwa na seva yake mwenyewe ya muziki nyumbani, ni mchezo wa watu wa Ulaya na Marekani wasio na shughuli. Hao na wakisikilize kisa kimoja kilichoanzia huko huko Marekani, kwani ndani yake mna fundisho lisilo na nchi.

Mwaka 2001, katika jimbo la California, kampuni ndogo iliyoitwa Slim Devices ilitoa chombo kilichoitwa SLIMP3. Chombo hicho hakikuwa na diski wala kaseti. Kazi yake ilikuwa kuuvuta muziki kupitia mtandao wa nyumba kutoka kwenye kompyuta ya mwenye nyumba, na kuutoa katika spika za sebuleni. Katika kompyuta ilikuwamo programu iliyozipanga nyimbo na kuzigawa, na programu hiyo iliachwa wazi, yaani yeyote aliweza kuusoma utunzi wake, kuurekebisha na kuusambaza. Baadaye vikaja vyombo vya jina la Squeezebox, vikapendwa. Mwaka 2006 kampuni kubwa ya Logitech ikainunua kampuni ile ndogo. Mwaka 2012 Logitech ikaacha kuvitengeneza vyombo hivyo. Mwaka 2024 ikaifunga na huduma ya mtandaoni ambayo vyombo hivyo vilikuwa vikiitegemea kwa redio na mambo mengine.

Kwa desturi ya biashara, hapo ndipo chombo hugeuka taka. Hakikugeuka. Kwa kuwa programu ya seva ilikuwa wazi, na kwa kuwa nyumba nyingi zilikuwa zikiiendesha zenyewe, watu wa kujitolea waliendelea kuitengeneza, na mwaka huo huo wa 2024 wakaipa jina jipya, Lyrion Music Server. Leo hii chombo kilichotoka kiwandani kabla ya 2012 kinaimba bado, ikiwa mwenyewe anayo seva yake. Aliyeitegemea huduma ya kampuni peke yake alibaki na kisanduku bubu. Tafauti baina ya watu wawili hawa haikuwa fedha wala elimu. Vyombo vyao vilikuwa vya namna moja. Tafauti ilikuwa ni nyumba gani ilimokuwa seva.

Sasa na ielezwe seva hiyo huwekwaje, maana ujinga wa jambo ndio unaolipa jambo utisho. Kinachohitajika ni sanduku la kuhifadhia, ambalo wauzaji huliita NAS, na ambalo kampuni kama Synology na QNAP za Taiwan hulitengeneza kwa matumizi ya nyumbani. Ukubwa wake haupiti mikate miwili ya boflo. Ndani yake huingia diski mbili au zaidi, na huunganishwa kwa waya na ruta ya nyumba, kisha huachwa pembeni likifanya kazi usiku na mchana. Diski mbili zikipangwa ziwe pacha, kila kinachoandikwa katika moja huandikwa na katika nyengine. Moja ikifa, ya pili hubaki na amana.

Juu ya sanduku hilo ndipo programu ya seva inapopandishwa, na njia inayofaa siku hizi ni kuipandisha ndani ya kontena. Neno hili halihitaji kufasiriwa kwa watu wa bandarini. Aliyesimama Malindi ameliona kontena likishushwa, na anajua kwamba winchi haiulizi kama ndani mna mchele au vigae. Waandishi wa programu waliichukua fikra hiyo hiyo, na Docker, iliyotolewa mwaka 2013, ndiyo iliyoieneza: programu hufungwa pamoja na kila kitu inachokihitaji, ikawa shehena moja isiyogombana na shehena za jirani. Toleo jipya likitoka, kontena la zamani hutupwa zima, likawekwa jipya mahali pake. Programu ikiharibika, haikokotani na sanduku zima.

Lakini hapo hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Kontena ni kitu cha kutupwa, na kilichowekwa ndani ya kitu cha kutupwa hutupwa nacho. Nyimbo haziwekwi ndani ya kontena hata siku moja. Hukaa nje, katika folda ya sanduku lenyewe, na kontena hupewa ruhusa ya kuzisoma tu, bila ya ruhusa ya kuandika wala kufuta. Folda ya pili, nayo ya nje, huwekewa kumbukumbu za programu: mipangilio yake, orodha za nyimbo zilizochaguliwa, na majina ya watumiaji. Hii ndiyo folda ambayo programu huruhusiwa kuandika. Kisha hutajwa namba ya mlango ambao seva itaitika. Navidrome huitika katika 4533, Lyrion katika 9000. Na pindi seva ikifunguka ikaonyesha maktaba tupu ilhali nyimbo zipo, mara nyingi sababu ni moja: yule mtumiaji ambaye kontena linaendeshwa kwa jina lake hakupewa haki ya kuisoma folda ya nyimbo. Folda mbili, mlango mmoja na haki ya kusoma; asiyetaka kujua zaidi ya hapo ataweza kuanza na hayo.

Baada ya hapo simu za nyumba nzima, kompyuta ya kijana na redio ya sebuleni zote huchota katika kisima kimoja. Wala kisima hicho hakina haja ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao ukadorora Tanzania na nchi jirani. Siku hiyo nyimbo za kukodi zilisimama na kuzunguka mahali pamoja kama pia. Seva ya nyumbani haikuwa na habari ya nyaya hizo, kwa sababu baina yake na sikio la msikilizaji palikuwa na ukuta mmoja tu.

Hadi hapa huenda wapenzi wa mashine wakawa wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Wasifanye haraka, kwani lawama ya pili ni yao.

Maana iko aina ya pili ya upotevu, nayo hutokea ndani ya sanduku lenyewe. Hutokea kijana akanunua diski, akapandisha kontena, akakusanya nyimbo elfu tano kutoka kila pembe, kisha akaketi kuwaelezea wenziwe kasi ya sanduku lake na rangi za kioo chake. Ukimwomba wimbo, anakufungulia orodha ndefu ya majina yasiyo majina: namba moja, namba mbili, msanii hajulikani, albamu haijulikani. Amehifadhi sauti, na amepoteza wimbo. Mali bila daftari huisha bila habari, na diski iliyojaa faili zisizo na majina ni jaa lenye umeme.

Katika taarab jambo hili si dogo. Wimbo mmoja mara nyingi huwa na watu watatu nyuma yake: aliyetunga mashairi, aliyeyatilia muziki, na aliyeimba. Pengine huwa na wa nne, yaani kikundi, na baadhi ya vikundi hivyo vina umri mkubwa. Ikhwani Safaa ya Unguja iliundwa mwaka 1905. Kioo cha simu kina nafasi ya jina moja chini ya wimbo, na jina hilo ni la mwimbaji. Mtunzi wa mashairi, ambaye bila yeye pasingekuwa na fumbo wala jawabu, huangushwa kwanza. Si kwa chuki. Ni kwa sababu aliyeujaza mstari ule hakumjua, wala hakuulizwa amtaje. Hivyo ndivyo mshairi anavyokufa mara ya pili, na mara hii huuawa na kidirisha kisichojazwa.

Tena hata jina la mwimbaji halisalimiki. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri, na sauti yake ndiyo iliyofungua njia kwa sauti nyingi za pwani. Jina lake huandikwa mara Siti, mara Sitti. Mara binti, mara bint. Na kwa kompyuta isiyojua Kiswahili wala Kiarabu, kila tahajia ni mtu mwengine. Bibi mmoja hugawanywa wanawake wanne, na kila mmoja hupewa kipande cha kazi yake. Santuri za zama zile zilichukua takriban dakika tatu tu kwa upande, kwa hivyo wimbo mrefu ulikatwa ukawekwa pande mbili. Asiyejua hilo huzihesabu pande hizo kuwa nyimbo mbili, na mashine ikichanganya mfuatano, beti za mwisho huimbwa kabla ya za mwanzo.

Dawa ya maradhi haya ipo, na ipo ndani ya faili lenyewe. Kila faili la muziki linaweza kubeba maandishi pamoja na sauti, nayo huitwa lebo. Katika mfumo wa FLAC, uliotolewa mwaka 2001 na ambao hupunguza ukubwa wa faili bila ya kupoteza hata chembe ya sauti, mwenye faili ana uhuru wa kubuni vidirisha vyake mwenyewe. Anaweza kuandika mtunzi, mtia muziki, mwimbaji, kikundi, mwaka na mahali pa kurikodiwa. Anaweza kuandika beti zote za wimbo. Anaweza kuandika kisa kilichouzaa. Tena maandishi hayo hayajafungwa katika herufi za Kirumi: mtunzi aliyeyaandika mashairi yake kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofanya watunzi wengi wa pwani, jina lake linaweza kuwekwa humo kama yeye mwenyewe alivyoliandika. Si kila programu itavionyesha vidirisha vyote hivyo kiooni. Lakini maandishi yatabaki katika faili, na faili litasafiri nayo kutoka sanduku hadi sanduku, programu zibadilike zinavyotaka.

Basi huo ndio ubora wa seva ya nyumbani ambao wauzaji wake hawautangazi, kwa kuwa hawaujui. Husifia wingi wa nyimbo na wepesi wa kuzipata. Huduma za kukodi zina wingi kuliko huo, na pengine wepesi kuliko huo. Kinachozikosekania ni ruhusa ya msikilizaji kushika kalamu. Katika duka la watu mtu hasahihishi jina la bidhaa; katika nyumba yake anasahihisha. Anayetaka seva ya nyumbani bila ya kushika kalamu amejenga duka jengine tu, akawa yeye ndiye mwenye duka na ndiye mteja.

Zipo hoja za wapinzani zinazostahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza ni gharama. Ni kweli kwamba sanduku na diski zake si bei ya kila nyumba. Lakini kontena halichagui nyumba ya kukaa; programu hizo hizo huendeshwa katika kompyuta ya zamani ambayo mwenyewe amekwisha kuiweka kando. Nafasi nayo si kubwa kama wengi wanavyodhani. Kaseti ya saa moja ikisomwa kwa ubora wa juu, vipimo 96,000 kwa sekunde na biti 24 kwa kila kipimo, huchukua takriban gigabaiti 2 kabla ya kupunguzwa. Kaseti 500 za namna hiyo ni takriban tetabaiti 1. Mkusanyo wa ukoo mzima, au wa kikundi kizima cha taarab, huingia katika diski moja inayoshikika kwa kiganja. Gharama ambayo ukoo hauiwezi mmoja mmoja, huiweza kwa kuchangizana, kama unavyochangizana harusi.

Hoja ya pili ni umeme. Sanduku linalotumia wati 20 litakula takriban uniti 14 na nusu kwa mwezi, na hilo ni jambo la kupangwa. Umeme wenyewe nao si wa kuaminika daima. Unguja inakumbuka giza lililoanza Desemba 2009 likaendelea mpaka Machi 2010. Katika miezi ile sanduku lolote la mtu lingekuwa kimya. Lakini diski iliyolala gizani haisahau, ilimradi haikukatiwa umeme ghafla ikiwa katikati ya kuandika. Betri ndogo ya kulipa sanduku dakika chache za kujizima kwa salama ni sehemu ya sanduku, wala si anasa.

Hoja ya tatu ni wezi wa mtandaoni, nayo ni nzito kuliko zote. Mwaka 2014 walitokea waliozivamia NAS za Synology wakayafunga mafaili ya watu na kudai kikombozi. Mwaka 2021 na 2022 ikawa zamu ya wenye QNAP. Waliofikwa khasa ni wale ambao masanduku yao yalikuwa yamefunguliwa mlango kuelekea mtandao wa dunia. Fundisho lake ni wazi: seva ya muziki ya nyumbani haifunguliwi mlango wa njiani. Anayetaka kuisikiliza akiwa safarini na apitie njia ya siri ya kuingilia mtandao wa nyumba yake, asipasue ukuta. Na asidanganyike kwamba diski pacha ni nakala ya akiba. Pacha hufanana kwa mema na kwa maovu. Faili likifutwa kwa bahati mbaya katika moja, limefutwa katika zote mbili dakika hiyo hiyo. Nakala ya akiba ni diski nyengine, isiyounganishwa, iliyowekwa katika nyumba nyengine: Unguja kwa mwenye sanduku Pemba, au kwa ndugu aliye ng'ambo.

Hoja ya nne ni haki za watunzi, na mshairi ndiye wa mwanzo kuiheshimu. Kuhifadhi si kuuza, wala si kugawa. Kaseti iliyonunuliwa na tepu ya harusi ya ukoo kusikilizwa nyumbani ni jambo moja. Kuzimwaga hadharani bila ya idhini ya watunzi, waimbaji au warithi wao ni jambo jengine, na sheria za hakimiliki zipo kwa ajili ya hilo. Lakini na isemwe pia kwamba haki ya mtunzi huanza kwa jina lake. Mtunzi asiyetajwa hawezi kulipwa, na warithi wake hawana pa kuanzia madai. Aliyeandika jina la mtunzi katika lebo ya faili amemfanyia mtunzi huyo wema mkubwa kuliko huduma iliyopiga wimbo wake mara elfu bila ya kumtaja.

Hoja ya tano, nayo ndiyo hupendwa na wavivu, ni kwamba kazi hii ni ya Nyaraka, ya vyuo na ya redio. Hapana anayezikanusha taasisi hizo. Lakini Nyaraka haiwezi kujua kilichomo katika kasha la bibi, na taasisi yoyote ile haipati ila kile ambacho majumba hayajakitupa. Tena kuna nyimbo ambazo hazikupata kufika studio: zilirikodiwa kwa redio kaseti iliyowekwa juu ya kiti, katika ua wa harusi, pamoja na vigelegele, kilio cha mtoto na sauti ya jirani akiulizia sahani. Rekodi hiyo haimo katika huduma yoyote ya dunia. Ipo moja tu, nayo imo katika utepe mwembamba ambao kila mwaka wa joto na unyevu huula kidogo.

Basi mwenye kuanza na aanze kwa mpango. Kabla ya kununua sanduku, kabla ya kuuliza kontena linapandishwaje, na atoe kaseti moja kashani, aketi na mkubwa wa nyumba, auchezeshe utepe, na aandike. Nani anaimba? Nani alitunga? Muziki kautia nani? Harusi ilikuwa ya nani, mtaa gani, na wale wanaocheka katika ubeti wa tatu wanacheka nini? Aandike katika daftari la karatasi, kwa kalamu ya kawaida. Yaliyoandikwa yatahamia katika lebo za mafaili siku mashine itakapopatikana, na kazi hiyo itachukua jioni chache tu.

Wanaotanguliza mashine na kuahirisha daftari wamegeuza mambo juu chini. Diski zinauzwa leo, zitauzwa mwakani, na mwakani zitakuwa kubwa zaidi. Anayelijua jina la mtunzi huenda mwakani asiwepo.